Fungu la Yaya Juu ya Jiwe

Kwetu kwenye maporomoko, samaki hawagawanywi nyumbani. Tunawagawa juu ya jiwe bapa, maji yakinguruma pande zote, na kila mwanamume aliyefunga mgono wake, kikapu cha kunasia samaki, kwenye magogo yaliyosimikwa mtoni anapata fungu. Mgawaji ni Papa, baba yetu. Aliyesafiri mbali, samaki wake hukaushwa kwa moshi wamngoje. Aliye karibu, atakayekula leo, fungu lake huachwa bichi na kufunikwa jani. Asiyewekewa fungu kabisa ni mtu aliyekufa, na mgono wake hukatwa uchukuliwe na maji. Hakuna anayetufundisha mambo haya. Tunakua tukiyaona.

Mwaka jana malori ya askari yalianza kupita kuelekea Banalia. Kulikuwa na watu waliokwenda kusali msituni na kukataa kazi za lazima za Serikali, na Wazungu waliita sala hiyo vita. Waliokamatwa walipakiwa melini wakapelekwa mbali. Wake zao waliuliza habari mpaka wakachoka kuuliza. Yaya, kaka yangu mkubwa, alikuwa akiwapelekea watu hao chumvi na kuwaambia askari wako wapi. Jina lake lilipoanza kutajwa mjini, alijificha kwenye kisiwa chenye vichaka, juu kidogo ya maporomoko. Sisi tukasema ameenda Isangi, mbali chini ya mto, kwenye kilio cha wakwe zake. Kila alasiri nilimvushia samaki kwa mtumbwi.

Askari walikuja, wakauliza kwa kelele, wakampiga jirani yetu mbele ya watoto wake. Hawakupata neno. Kisha wakaacha kuja, nasi tukafurahi. Mama peke yake hakufurahi.

Ndipo akaanza kuja mnunuzi mmoja wa samaki, na baiskeli yake. Tulimwita tonton, yaani mjomba. Alikuwa mpole, alileta tumbaku, alimchekesha Papa. Hakuuliza swali hata moja juu ya yaya. Ila wanunuzi wengine walikuja ugawaji ukiisha, na yeye alikaa tangu samaki wa kwanza mpaka wa mwisho, mgongo umenyooka kama mtu aliyezoea gwaride.

Siku moja alinyoosha kidole.

“Papa, lile fungu chini ya jani iko ya nani?”

“Ya mutoto yangu mukubwa.”

“Ule wa Isangi?”

“Ndiyo, ule.”

“Eh! Samaki yake itaoza mbele afike.”

Wanaume wakacheka. “Wewe tonton,” mmoja akamtania, “unahurumia samaki kuliko ile wakwe yenye kulia?”

Tonton naye alicheka, lakini macho yake hayakutoka kwenye jani. Halafu akanunua samaki bila kubishania bei, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaondoka haraka.

Mimi si msemaji. Nilitembea mpaka nyumbani nikitafuta namna ya kuanza, na nilipomwambia Mama, aliacha kutwanga.

“Kwa nini ulimuachia samaki mubichi?” akamuuliza Papa aliporudi. “Kinywa yako inasema Isangi, mukono yako inasema iko hapa karibu.”

“Juu ya jiwe sijadanganya hata siku moja.”

“Alors, kesho umukaushie.”

“Leo mubichi, kesho mukavu? Ule mutu iko na macho. Atajua tumeshituka.”

“Basi umutoe.”

Papa aliangalia viganja vyake.

“Nimutoe mutoto yangu kwenye jiwe,” akasema mwishowe, “na yeye iko muzima?”

Kesho yake aligawa kama kawaida. Alipofika mahali pa yaya, mkono wake ulisita, kisha ukaenda kwa mtu wa pili. Shangazi yangu alikuwa ukingoni na vikapu, na hakuna aliyemwambia kitu. Aliona mahali pa yaya patupu, akapiga ukelele, akajitupa chini. Wanawake wote wakamfuata. Mama pia alilia, na sidhani alikuwa akiigiza.

“Nani amekufa?” akauliza tonton.

“Mutoto yangu mukubwa. Habari imetoka Isangi.”

Papa akachukua panga, akapita juu ya magogo mpaka katikati ya maji, akakata kamba za mgono wa yaya. Ukazama, ukaibuka mbali, ukapotea. Tonton alisimama akaangalia magogo, halafu akainua macho polepole kuelekea juu ya mto, kwenye visiwa.

Alasiri askari walijaa ukingoni, na mtumbwi wangu haukuweza kutoka. Lakini kutoka kisiwani magogo yetu yanaonekana, na yaya alijua mahali pa mgono wake. Askari walipovuka asubuhi walikuta majivu tu na mifupa ya samaki.

Yuko wapi sasa, hatujui. Kwa watu wa maporomoko amekufa, na hawezi kukanyaga jiwe lile tena. Papa huwachanganya samaki wa yaya ndani ya fungu langu, na Mama huwakausha nyuma ya jiko. Hajasema wanamngoja nani.

Tonton bado anakuja. Jana aliniita pembeni, akanipa tumbaku, ingawa anajua sivuti.

“Fungu yako imekuwa mukubwa siku hizi, mudogo.”

Niliangalia tumbaku mkononi mwangu.

“Niko na njaa, tonton.”

“Bon,” akasema kwa upole, akarudi, akakaa vizuri juu ya jiwe kungoja ugawaji.