Kwenye Mkeka wa Bwana Harusi

Jumamosi ile, enzi za Mwingereza, chama chetu cha waendesha pikipiki wa Kibiti kilivuka kwenda kisiwani Mbwera, pikipiki zetu nne tumezipakia mashuani. Mimi, karani wa chama, ndiye niliyemwandikia jumbe barua atupokee, na njia nzima nilihofia haikufika.

Tuliposhuka tu, vigelegele vikatulaki. Bwana Karim, mwenye duka na kiongozi wetu, akaninong'oneza, "Barua yako imefanya kazi."

Kwa kuwa mimi peke yangu nilivaa kanzu, wazee walinishika mkono, wakaniingiza kwenye nyumba moja iliyojaa watu, wakanikalisha mkekani, mbele ya shehe. Nikadhani ni heshima ya mgeni. Lakini mbona udi wote ule? Kwa kuogopa kuwavunjia adabu wenyeji, nikaitikia kila neno, "Naam, naam."

Shehe akanishika kiganja. "Uko tayari, mwanangu?"

"Naam."

"Basi sema: nimekubali kumuoa Mwanahawa."

Hapo sauti ikatoka mlangoni: "Samahanini, wazee wangu. Maji yalikupwa, mtumbwi wetu kutoka Ngorongo ukakwama. Huyo aliyekaa mahali pangu ni nani?"

Nyumba nzima ikanigeukia, na shehe bado amenishika mkono.