Koplo Anayelitukana Harage Lake Mwenyewe

Sauti inatangulia. Kwanza mabuti, mengi kwa pamoja, yakisaga kokoto. Kisha sauti ya mwanamke, kavu, kali, inapanda juu ya vishindo:

"Harage la mama hili, haliogopi jikoni,
Limepikwa siku mbili, bado gumu mdomoni!"

"Lipe bunduki, liende vitani!" makuruta wanaitikia, ndipo kikosi kinapochomoza kwenye ukungu wa asubuhi, kimelowa jasho, kinacheka.

Anayeimbisha ni koplo wa jikoni. Makuruta wanamwita Mama Sufuria. Harage analolitukana amelipika mwenyewe.

"Nikilitukana langu nimemkosea nani?" anauliza baadaye, akifunga aproni juu ya sare. "Mtoto wa watu katoka kwao juzi. Mguu umechubuka, sajenti anamfokea. Asipocheka atalia. Basi alicheke harage langu."

Mchakamchaka wa kambi hii una sheria yake, isiyoandikwa popote. Miguu ikiwa inakimbia, mwimbishaji anamtania yeyote, hata mwenye nyota mabegani. Ikitoka amri ya kusimama, utani umekwisha na hakuna wa kuurudia. Na katika mbio za mwisho, kabla makuruta hawajala kiapo, kila mkubwa huimbiwa ubeti wake.

Koplo anaijua thamani ya sheria hiyo. Alipokuwa kuruta alishafunga begi atoroke, amechoshwa na sajenti mmoja aliyemwandama kama deni. Asubuhi ile mwimbishaji akaimba kwamba sajenti huyo akikoroma, walinzi hushika silaha.

"Nikamtazama. Anacheka mpaka kofia inaanguka! Nikasema, kumbe huyu naye ni mtu. Nikarudi kufungua begi."

Mwezi huu kambi imepata kamanda mpya. Siku ya kwanza alisimama kando ya njia, akasikia ubeti unaogusa kitambi chake, akakisimamisha kikosi aulize umeimbwa nini.

"Hapo ndipo alipokosea," anasema koplo, akijizuia kucheka. "Tukisimama, hatusemi. Anauliza, watu wamekauka kama nguzo. Akadhani tunamdharau."

Tangu siku hiyo ni marufuku kumtaja mtu yeyote wimboni. Harage limesalimika kwa kuwa halina cheo. Koplo ameambiwa wazi: akivunja amri hiyo, tepe ya tatu, ya usajenti, aliyoisubiri miaka tisa, ataisikia kwa wenzake.

Mumewe, fundi cherehani, ameshanunua uzi wa kuishonea.

"Nilimwambia, baba watoto, huo uzi utashonea vifungo. Akanuna. Halafu akaniuliza, kwani huyo kamanda wimbo wake unasemaje? Nikamwimbia. Alicheka, sindano ikamchoma!"

Mbio za mwisho ni Jumamosi. Makuruta wanapita dirishani na sahani zao, wananong'ona, "Mama, tutaimba?" Anawapakulia, anamwita anayefuata.

Kabla ya chakula kuliwa, kamanda huja kukionja. Leo anachota harage, anatafuna kwa muda mrefu kuliko alivyotarajia.

"Koplo, Jumamosi ni wimbo wa kambi tu. Tumeelewana?"

"Nimekusikia, afande."

"Sikuuliza kama umenisikia."

Nje ya dirisha foleni nzima imeinua shingo. Koplo anaweka mwiko chini, anabana visigino, anapiga saluti iliyonyooka kama rula.

"Afande, tepe naitaka, sitakudanganya. Lakini hawa watoto wananitazama, na mimi nilibaki jeshini kwa sababu ya wimbo. Basi nakuahidi mbele yao: Jumamosi miguu ikianza kukimbia, nitaimba. Ubeti wa kwanza ni wako. Ukitaka kujua unasemaje, vaa buti ukimbie nasi."