Mpangilio Mmoja, Maghala Mawili

Saa mbili asubuhi, Mackrine Byabato amebana silinda ya kitasa kwenye jiliwa. Anadondosha pini ndogo za shaba, tundu kwa tundu. Dereva wa bodaboda anayepita mbele ya karakana yake hapa Bugene anamtania.

"Mama Kitasa, mumeo huwa anaingiaje ndani?"

"Anapiga hodi kama watu wengine," anajibu bila kuinua kichwa.

Mackrine, 46, hutengeneza silinda za milango ya maduka na maghala ya Karagwe na Kyerwa kwa shilingi 15,000 kila moja. Ndani huweka pini tano za urefu tofauti. Kila mteja ana mpangilio wake, ili ufunguo wake usifungue kwa mwingine.

Mara moja tu hakufanya hivyo.

"Pini ziliniishia kabla mzigo wa Mwanza haujafika," anasema. "Nikarudia mpangilio mmoja kwenye maghala mawili ya Nyaishozi. Nilijiambia, nani atajaribu ufunguo wake kwa jirani?"

Mwaka jana magunia sita ya maharage yalipotea kwenye moja ya maghala hayo, mali ya mfanyabiashara Nestory. Mwenyewe alikuwa safarini. Ufunguo wa pili alikuwa nao Uwizeye, binti wa miaka 24 aliyetunza ghala.

Mackrine aliitwa kukagua mlango. Watu walikuwa wamejaa.

"Nikasema kitasa hakijavunjwa, kimefunguliwa kwa ufunguo. Nilisema kwa sauti, kama fundi anayejua kazi yake."

Uwizeye alifukuzwa siku hiyo hiyo.

Miezi mitano baadaye, mwenye ghala la pili alileta ufunguo wake uchongwe mwingine. Mackrine alipoona meno ya ufunguo huo, aliyatambua: yalikuwa sawa na ya ufunguo wa Nestory.

"Sijui nani aliiba, na simtaji mtu," anasema. "Najua tu kwamba mlango ule ulikuwa na funguo nyingine ambazo sikuzisema."

Alikaa kimya wiki tatu. Alipomwambia Nestory, alijibiwa: "Yameshapita, mama. Nimeshaajiri mwingine."

Alimkuta Uwizeye kijijini Nyakatuntu, akilima vibarua kwenye migomba ya watu. Binti alimwamkia shikamoo, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, mimi najua sikuiba," alimwambia. "Hayo kawaambie waliokusikia siku ile."

Mackrine ameshabadilisha pini za ghala la pili. Za Nestory hajazigusa. Amemwomba akiache kitasa kama kilivyo hadi siku ya gulio, watu wakijaa, naye amekubali kwa shingo upande. Siku hiyo atasimama mbele ya mlango ule, aufungue kwa ufunguo wa zamani wa jirani, aseme kosa lilikuwa lake.

Wateja watamkimbia?

"Wengine wataondoka. Ningekuwa mimi, ningeondoka."

Amemtumia Uwizeye nauli, lakini binti hajasema kama atakuja. Mackrine anasema atamsubiri mpaka saa sita mchana. Baada ya hapo ataufungua mlango, awepo asiwepo.