Foni Mbili za Njia ya Kabimba

Mimi shule niliacha mwaka wa tatu wa musingi, lakini uliza muntu yeyote hapa Kalemie nani alikuwa wa kwanza kutia foni, redio ya kusemezana, ndani ya kamyo zake mbili za mizigo, shofere na shofere waambiane habari njiani. Njo mimi. Wenye diploma walikuwa bado wanamuachia Mungu.

Njia ya Kabimba, kuna pahali inapanda mulima: upande mumoja jiwe, upande wa pili ziwa, chini kabisa. Kamyo mbili hazipishani. Nikatunga sheria: kabla ya kupanda, finya kidude cha foni, sema uko wapi, kisha achia umusikie mwenzako. Maana ukiwa umefinya, unasema tu, husikii kitu.

Kamyo ya pili nilimupa baba mukwe wangu, shofere wa zamani.

Asubuhi moja mimi napanda na kamyo tupu, yeye anatoka Kabimba na simenti. Nikafinya. Sasa, nani kwetu atamuambia baba mukwe "niko kwenye kona" bila kumusalimia? "Jambo, Papa. Umeamkaje? Mama mukwe na magoti yake? Mbuzi wanaendeleaje? Watoto wanakusalimia, hata yule mudogo..." Nilimusalimia vizuri sana, na kidole hakikutoka kwenye kidude mpaka kona ya tatu.

Nilipoachia, nikasikia sauti ya muzee: "...mara ya ine nasema! Freni zimekufa! Toka njiani, we mupumbavu!"

Tangu nilipotoa mahari hakuwa amenitukana. Nikarudi kinyumenyume kona tatu zote (shofere mwingine angekuwa ziwani), mpaka chini ya mulima, nikaingiza matako ya kamyo ndani ya shamba la mihogo. Muzee akapita kama upepo, akaenda kuzama kwenye muchanga wa kando ya ziwa.

Nilimukuta amekaa kando ya gurudumu, muzima.

"Papa, umeona? Foni yangu imekuokoa."

Akaniangalia. "Foni iliniokoa. Mudomo wako njo ulitaka kuniua."

Nikaongeza sheria: hatari kwanza, salamu nyuma. Akakataa siku tatu; eti kuanza bila salamu ni kuingia nyumba ya watu kwa dirisha. Mwishowe tukapatana. Sasa akifika juu anafinya: "Freni nzima, nateremuka. Wewe ngojea chini." Nangojea. Akishajua nimesimama, anaanza kunisalimia, na tunapopishana huko chini, dirisha kwa dirisha, bado ananiuliza kwa foni habari za shangazi zangu.