Jiwe Nisiloligonga

Wapo wanaosema niliota, kwamba njaa iliyofuata vita vya Maji Maji ilinila akili. Sikatai, njaa ilikuwapo. Lakini tazama mguu wangu wa kulia, hapa juu ya kifundo. Tangu lini ndoto ikaacha kovu la bati la moto? Keti nikueleze yaliyonipata mchana, jua likiwa utosini, kwenye njia ya maji ya Newala.

Labda wewe hujafika kwetu. Juu ya uwanda wa Makonde kuna kila kitu isipokuwa maji. Wanawake hushuka gengeni na mitungi, hupenya kichaka kizito kisichopitisha jua, hadi visimani bondeni, kisha hupanda tena. Katikati ya mteremko, njia inapopinda, pana jiwe kubwa lenye uwazi ndani. Kila apitaye huokota kokoto akaligonga, nalo hulia kama debe tupu. Tuliambiwa tangu utoto: ligonge, ili waliomo kichakani wajue wewe ni mtu hai. Mimi nilidhani ni njia tu ya kuwaonya wenye mitungi wasije wakakumbana kwenye kona.

Mdogo wangu Saidi alirudi kutoka mapiganoni upande wa Masasi akiwa na risasi pajani. Maji ya dawa hayakuigeuza. Tulimficha ghalani nyuma ya mihogo mikavu, na jeraha likaanza kunuka. Ng'ambo ya mto Ruvuma, kwa Wareno, alikuwako mjomba wetu, mganga wa majeraha. Tukimfikisha, atapona. Lakini askari wa Wajerumani walikuwa wamekaa kwenye visima vya bondeni, inapopita njia ya mtoni, maana walijua kwamba mtu wa juu, hata awe shujaa namna gani, mwisho atashikwa na kiu. Machela ya kubebwa na watu wanne wangeisimamisha tu. Na Saidi wangemtundika.

Nilikuwa na kitu kimoja. Mgiriki mmoja mkulima wa pamba, ambaye nilikuwa fundi wake, alikimbilia Lindi vita vilipowaka, akaacha baiskeli yake ya mashine. Ilikuwa na injini ndogo ya petroli na mkanda wa ngozi wa kuzungusha gurudumu la nyuma. Iling'aa kama kioo, na kelele zake zilikuwa kama bisi zinazorukaruka chunguni. Newala nzima ilijua Mgiriki anakuja kabla hajatoka kwake.

Basi nikaanza kuinyamazisha. Nilichukua kopo la mafuta ya kupikia, nikatia ndani yake kopo dogo nililolitoboatoboa kwa msumari, na katikati nikashindilia vigae vya mtungi na udongo wa kinyumba cha nyigu. Nikalifunga kwa waya kwenye bomba la moshi. Kila chuma kilichochezacheza nikakikaza kwa kamba za ngozi mbichi. Mnyororo wa pedali nikaunywesha mafuta ya nyonyo. Kengele nikaing'oa. Mwisho nikaipaka yote masizi na uji wa muhogo, mpaka ikawa na rangi ya kisiki kilichoungua.

Nikaiwasha uani. Ilipumua tu, kama mtu mwenye mafua.

"Umetengeneza paka," alisema mke wangu, Mama Zuhura.

"Paka wa kumbeba shemeji yako."

"Paka huonekana kwa macho, Baba Zuhura. Na hiyo taa?"

Nikaing'oa na taa. Saidi akacheka kule ghalani. "Kaka, ukimaliza hiyo, mnyamazishe na shemeji."

"Wewe oza taratibu huko," mke wangu akamjibu. "Utani utaniletea ukipona." Kisha akageuka ukutani, akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Tulichagua mchana kwa sababu usiku sauti husafiri mbali na askari hukaa chonjo. Jua la utosi huwalaza. Nilimketisha Saidi kwenye kiti cha nyuma, nikamfunga mgongoni pangu kwa mbeleko ya Zuhura, mikono yake ikanizunguka kiuno. Utaniuliza, mbona hukuizima injini mteremkoni? Chini ni mchanga mtupu, na mashine ile haikuwaka bila kusukumwa mbio. Ikizimika, tumekwisha.

Tukafika kwenye jiwe. Kokoto zilikuwa pale, nyeupe, zimelala kwenye kishimo chao. Niliziangalia. Bondeni niliona moshi wa jiko la askari. Ungekuwa wewe, ungegonga? Nikapita kimya.

Kichaka kikafunga mdomo. Ndege, nyenje, hata kupumua kwa injini, vyote vikatoweka, ingawa niliona moshi ukitoka bombani. Mbele yetu mwanamke alikuwa akipanda na mtungi kichwani. Majani makavu chini ya nyayo zake hayakulia. Akatupisha, kisha akageuka, akaanza kwenda nasi ubavuni, polepole kama mtu anayesindikiza wageni, na mimi sikuweza kumwacha nyuma hata nilipoongeza moto.

"Ahsante kwa kuja kimya," aliniambia. "Wengine hutupigia kelele, kama vile sisi ni ndege wa shambani." Akamtazama mdogo wangu. "Saidi, umechelewa. Tulikutandikia tangu juzi."

Niamini, alimtaja kwa jina.

Nyuma yake nikaona wengine, wanawake na wanaume, mstari mmoja, wote na mitungi, na hakuna tone lililomwagika. Nikahisi mikono ya Saidi ikilegea. Kisha baiskeli ikawa nyepesi. Mbeleko ilikuwa bado imekaza kifuani pangu, lakini nyuma yangu uzito ulikuwa ukipungua, kama gunia linalovuja mtama. Nikamwita. Mdomo ulifunguka, sauti haikutoka.

"Usijisumbue," yule mwanamke akasema. "Mwenye sauti hugonga. Ninyi ni wenzetu. Mtue hapa, nawe utue."

Hapo ndipo nilipoelewa. Na chini, kwenye mwanya wa miti, nilimwona askari ameegemea mti na bunduki mapajani. Kelele itamwamsha. Kimya kitamla Saidi. Nilinyoosha mguu nikalipiga teke lile kopo, mara ya kwanza, mara ya pili, nyama yangu ikiungua bila mimi kusikia, mpaka waya ukakatika.

Bomba tupu likapasuka kwa mlio. Bonde lote likaitikia. Saidi akanirudia mgongoni kwa uzito wake wote, akapiga yowe la maumivu, na kwangu lile yowe lilikuwa tamu kuliko adhana. Sikutazama nyuma.

Askari je? Walidhani ni bombom, ile bunduki itemayo risasi mfululizo, tena imeangukia mikononi mwa waasi. Walijitupa nyuma ya visima na vyungu vyao vya ugali. Walipoinua vichwa na kufyatua, sisi tulikuwa tayari kwenye matete ya mto.

Saidi alipona. Huko ng'ambo ana wajukuu, anachechemea na bado anamtania shemeji yake. Ni mimi ambaye sikurudi mzima. Tangu siku ile nyayo zangu hazisikiki. Nikikanyaga majani makavu, ni kama hayajakanyagwa. Mbwa hawanibwekei. Mke wangu alivunja mitungi mingi kwa kunikuta nimesimama nyuma yake, mpaka akanifunga njuga mguuni, kama mcheza ngoma. Naenda nayo msikitini, naenda nayo shambani. Ikikatika njiani husimama papo hapo, sipigi hatua, nangoja apite mtu nimwombe aifunge. Maana ikikaa kimya muda mrefu, husikia mtungi ukitwishwa kichwani karibu nami.

Nawe ukishuka kwetu kuteka maji, utalikuta lile jiwe, na kokoto zake. Gonga. Hata kama una adui bondeni, gonga. Adui akikusikia anaweza kukosa shabaha.