Sufuria ya Mama Ciku na Paka Wangu Watatu

Harufu ya manyoya ya kuku aliyetumbukizwa kwenye maji moto haimpendezi mtu yeyote. Mimi ikinifikia puani hunirudisha Landless, Thika, kwenye sakafu ya Mama Ciku, mbele ya paka watatu wezi. Najua mambo hayo mawili hayaonekani kuhusiana. Nipeni nafasi niwaeleze, na mjue mapema kwamba sikuja hapa kujuta.

Ilikuwa miaka ya tisini. Ploti yetu ilikuwa na vyumba kumi vilivyotazamana, mfereji mmoja wa maji na televisheni moja. Televisheni hiyo ilikuwa ya Mama Ciku, mjane aliyeuza mboga sokoni, na ilitumia betri ya gari kwa sababu stima ilikuwa bado haijatufikia. Iliishi ndani ya kabati lenye kufuli, juu yake kitambaa cheupe cha kufuma. Jumamosi saa kumi na moja jioni Mama Ciku alifungua lile kufuli. Kabla ya kuingia, kila mtoto alinawa miguu kwenye karai lililowekwa mlangoni, na aliyefika mwisho alinawa kwa uji wa matope. Tuliketi sakafuni magoti kifuani, tukinuka sabuni ya kipande na miguu mibichi, tukimngoja mtu aliyekuwa nje azungushe mlingoti wa eriali hadi theluji ya chengachenga itoweke kwenye kioo.

Katuni yenyewe ilihusu paka watatu walioishi darini mwa bucha. Hawakusema neno, kwa hiyo tuliwasemea sisi, tena kwa Kiswahili na Kikikuyu. Majina pia tuliwapa wenyewe. Mkubwa, mwenye sikio lililopasuka, tulimwita Chifu. Yule mwembamba aliyependa kupanga mambo alikuwa Karani. Mdogo mwenye mkia uliopinda alikuwa Kadogo, na huyo alikuwa wangu, ukimcheka unapigana na mimi. Kila Jumamosi mwenye bucha aliweka mtego mpya, na kila Jumamosi paka walikula. Chifu alifanya kelele huku, Kadogo akabeba nyama kule.

Mwalimu wa madrasa alisema paka wale wanatufundisha wizi. Mama Ciku naye alisema hivyo hivyo, huku akitazama pamoja nasi na kucheka hadi akafuta machozi kwa leso. Mimi nilikataa, na bado nakataa. Paka wale walinifundisha kwamba mdogo anaweza kumshinda mkubwa akitumia akili, na somo hilo sikulipata darasani wala madrasani.

Sasa niwaambie habari ya kuku. Baba yangu alikuwa fundi wa baiskeli mjini, na familia za Kiislamu katika ploti tulikuwa mbili tu. Hata hivyo yeye ndiye aliyewachinjia kuku majirani wote. Hakuna aliyelazimishwa. Ilikuwa desturi tu: ukiwa na kuku, unamwita Baba Rukia (Rukia ndiye mimi), anakuja na kisu chake, anamwelekeza kuku kibla, anasoma Bismillahi, na jioni ploti nzima inakula bila mtu kuuliza swali. Mwaka uliotangulia, jirani mmoja alituletea nyama akaapa kwamba imechinjwa sawasawa, kumbe sivyo. Ilipojulikana, Baba hakugomba. Aliacha tu kuingia nyumba ile, na sisi watoto tukakatazwa kuikanyaga. Haikuwa na televisheni, kwa hiyo sikuona hasara.

Ikafika Jumamosi ambayo Mama Ciku alikuwa na wageni kutoka Ruiru, watu wa Gitothua waliokuja kumposa binti yake mkubwa. Kwa kuwa hakuwa na mume, alimwomba Baba aje aketi upande wake. Wageni walitarajiwa saa kumi. Walifika saa saba, wakati Baba yuko mjini na mikono yake imejaa grisi. Nilikuwa nyuma ya vyumba nikifua sare ya shule nilipomwona Mama Ciku akitoka mbio na jogoo kwapani. Akamkanyaga mabawa, akamkata shingo mwenyewe. Hakuniona. Punde nikasikia harufu ya manyoya kwenye maji moto.

Niliona yote yatakayofuata. Baba angerudi, angepewa sahani, angekula. Halafu angejua, maana ploti haina siri. Na akishajua, mlango wa Mama Ciku ungefungwa kwetu kama ule mwingine. Msinifikirie mema. Sikuwaza dini, wala ujirani, wala posa ya mtoto wa watu. Niliwaza Kadogo.

Sufuria ilikuwa juu ya jiko barazani, ikitokota. Nilirusha jiwe juu ya mabati ya upande wa pili, likaviringika kwa kishindo, na Mama Ciku akaenda kuwafokea wavulana ambao hawakuwepo. Nikavua mtandio wangu mweupe wa madrasa, nikaikamatia sufuria, nikakimbia nayo nyuma ya vyoo. Jogoo mzima na mchuzi wake nikawamwagia mbwa waliokuwa wamelala ng'ambo ya ua. Kisha nikairudisha sufuria tupu mahali pake na kuifunika vizuri. Chifu mwenyewe asingefanya kazi safi kuliko hiyo, ila Chifu hakuvaa mtandio. Wangu ulikuwa na doa la nyanya na mafuta lililoonekana toka mtaa wa pili.

Nilipokuwa nausugua mfereji­ni, Baba alikuwa ameshafika. Mama Ciku alimlaki langoni, wakasimama kidogo wakizungumza kwa sauti ya chini. Nikadhani wanajuliana hali. Kisha mama wa watu akaenda kupakua, akafunua sufuria, na muda mfupi baadaye nilikuwa nimesimama katikati ya uwanja, Mama Ciku mbele yangu, mama yangu nyuma, Baba kando, na wageni wa Gitothua wakichungulia dirishani.

"Rukia, wewe ndiye umekula kuku yangu?" Mama Ciku aliuliza.

"Sijakula."

"Haiya. Na hii supu kwa mtandio?"

"Nimechukua. Lakini sijakula."

Akaniuliza kwa nini. Hapo nikafunga mdomo. Nikisema, Baba atajua, na kama nilijua lolote duniani, nilijua kwamba huo ndio utakuwa mwisho wa paka wangu. Mama Ciku akasema nimeharibiwa na televisheni yake mwenyewe.

"Hizo paka ndizo zimekufunza," akasema. "Omba msamaha mbele ya wageni, yaishe."

"Siombi."

Mama yangu alinishika sikio akalizungusha kama anafungua redio, akaniambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikarudia kwamba siombi. Mama Ciku akasema basi nisikanyage tena mlango wake. Baba alinitazama, akaingia ndani kukaa na wageni. Walikula mukimo, maharagwe na mayai, na posa ikapita. Binti akaolewa Gitothua, akazaa watoto wanne, kwa hiyo asije mtu kuniambia nilivunja ndoa.

Mimi ndiye niliyevunjikiwa. Jumamosi baada ya Jumamosi nilikaa kwenye kizingiti chetu nikisikiliza ule muziki wa kuanzia na vicheko vya wenzangu. Wakitoka walinisimulia, tena vibaya, wakimpa Karani ushujaa wa Kadogo. Sikumwomba mtu. Mama Ciku alipopita nilimwamkia, akaniitikia huku macho yake yakitazama pengine, nami nikaona ni chuki. Yaliendelea hivyo karibu mwaka mzima. Kisha stesheni ikaiondoa ile katuni bila kuaga, wakaleta kipindi cha kilimo.

Nilinyamaza na siri yangu hadi nikawa mtu mzima. Baba alipozeeka alihamia kwangu Ruiru, na asubuhi moja nikiwa namenya viazi, naye ameketi karibu na chai yake, nikaona sasa haina madhara. Nikamweleza kwamba kuku wa siku ile hakuwa halali kwetu, na kwamba ndiyo sababu nilimwaga.

Hakushtuka hata kidogo.

"Mama Ciku aliniambia langoni, kabla sijaingia," alisema. "Mayai yale alikuwa amenipikia mimi, kwa sufuria nyingine kando. Yule jirani wa mwaka wa nyuma nilimwacha kwa sababu ya uongo wake. Si kwa sababu ya nyama."

Nikamwuliza alijua lini kilichonisukuma. Akasema alijua pale pale uwanjani, niliposema sijakula, kwani ni mwizi gani anayeiba jogoo mzima asilambe hata kidole. Mama Ciku alimfuata kesho yake akilia, kwa sababu naye alikuwa ameshaelewa. Wakakubaliana wanyamaze. Walihofia habari ikifika kwa wakwe, watasikia kwamba mtoto wa Kiislamu aliwamwagia mbwa chakula chao, na hakuna ambaye angeweza kuwaeleza wakaelewa. Nami nikirudishwa kwenye televisheni haraka, watu wangeuliza mbona.

Ndipo nilipoelewa jinsi nilivyokuwa mtoto. Nilidhani ujirani wa watu wale ungevunjwa na kuku mmoja, kumbe walikuwa na njia zao: neno la langoni, sufuria mbili, kila mtu akimstahi mwenzake. Jogoo wa Mama Ciku alikufa bure, na hilo nalikubali. Lakini lile lingine sikulikubali, na nilimwambia Baba usoni.

"Mngeniita," nilisema. "Siku moja tu, pembeni, mniambie mnajua. Nilikuwa na miaka tisa. Mliniacha nje mwaka mzima nikidhani nachukiwa, na mimi niliwafichia siri nyote."

Baba aliweka kikombe chini. Wazee wa rika lake hawaombi watoto msamaha, na nilikuwa nikingoja methali. Nilikuwa pia nimeshaandaa jibu la methali hiyo, vyovyote itakavyokuwa.

"Ni kweli," akasema. "Tulikukosea, mama. Nisamehe."

Nilikuwa tayari kubishana naye hadi adhuhuri. Badala yake nilibaki na kisu mkononi na kiazi kimemenywa upande mmoja, nikilia kwa sauti, na Baba akainuka polepole akaja kunishika bega.