Dawati la Kumi na Mbili

Siku hizi dawati la shule likivunjika hutupwa nyuma ya choo kungoja wafadhili, lakini mwaka 1989, kule Kamachumu, madawati yalikuwa na mwenyewe: fundi Karugendo, aliyeyajua yote kwa alama alizochonga chini ya mbao.

Ndiyo maana alishtuka alipohesabu kumi na moja. Kesho yake darasa la saba walikuwa na mtihani, watahiniwa kumi na wawili, kila mmoja na dawati lake.

"Limebaki msibani," alisema Mwalimu Mkuu Privatus. Ugonjwa ule mpya, UKIMWI, ulikuwa ukimaliza watu, na waombolezaji waliazima madawati ya shule wapate pa kukaa. "Lifuate, waitu, tafadhali. Bila hilo mtoto mmoja ataandikia magotini."

Karugendo akashika njia, akijiuliza ni dawati gani hili lililosahau kwao. Kwa marehemu Mwijage, lilikoazimwa kwanza, aliambiwa lilikaa siku nne, siku ambazo hakuna aliyegusa jembe, kisha likabebwa moja kwa moja hadi msiba wa Buberwa. Huko mjane, Bernadina, alicheka kwa mara ya kwanza tangu azike.

"Fundi, dawati lako linatembea kuliko katekista! Limeteremka kwa marehemu Klaudia, bondeni."

Kwa Klaudia migomba ilining'iniza majani makavu. Binti yake, Felicitas, alikuwa amemkalisha mdogo wake Datius juu ya dawati, akimlisha ndizi. Karugendo akainama, akapapasa. Alama yake ilikuwepo. Ila mguu mmoja ulikuwa na msumari asioujua.

"Nani kagonga huu?"

"Mimi, tata," alijibu, akimwita baba kwa Kihaya. "Kwa jiwe. Nilikuwa nakutazama ukitengeneza shuleni."

"Mbona hukulirudisha?"

"Nibebe na nani?"

"Uko darasa la ngapi?"

"La saba. Nilikuwa."

Karugendo akaupapasa tena ule msumari. Zamani, kabla ya misiba hii, mtoto akikosekana siku mbili, mwalimu alifika hadi mlangoni. Sasa shule nzima iliulizia dawati, na hakuna aliyemuulizia wa kulikalia.

"Shika upande wa kule," akasema. "Kesho ni lako."

"Na Datius?"

"Atashinda kwangu, achezee maranda."

Mara ya mwisho aliwaona wiki moja baada ya Felicitas kufanya mtihani, nyuma ya lori, mjomba wao mchuuzi wa samaki akiwapeleka visiwani. Felicitas alimshika Datius kiunoni, akapaza sauti:

"Tata, ule mguu umelegea tena!"